Kiboko Aliyerithi Dhamana

Nina ngano mkononi. Niitupe, nisiitupe?

– Itupe, tuidake!

Ikianguka?

– Tutaiokota!

Ikivunjika je?

– Kila mtu na kipande chake!

Haya, sogeeni. Na wewe uliyejifunika khanga mpaka utosini, toa sikio moja nje, hilo moja litanitosha.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na baraza lao na kesi zao, palikuwa na Pimbi. Mnamjua pimbi? Yule mdogo, kama sungura aliyekatwa masikio, anayekaa kwenye nyufa za miamba. Hana pembe, hana mbio za kujivunia. Alichopewa ni mdomo na akili ya kuuendesha, akashukuru, akanyamaza.

Kitu kimoja tu Pimbi hakuweza kukikosa, nacho ni jua la asubuhi. Kila kukicha alipanda juu ya mwamba wake, akafumba macho, akaota jua mpaka damu ikachangamka. Pimbi akikosa jua asubuhi moja, anatetemeka. Akilikosa asubuhi nyingi, basi tena, tafuteni sanda.

Chini ya mwamba huo palikuwa na bwawa la mto, na ndani ya bwawa alikaa Kiboko na watu wake. Bwana Kiboko alikuwa mkubwa wa kila kitu. Mkubwa wa mwili, mkubwa wa mdomo, mkubwa wa tumbo. Akipumua, pwaaa! Akijitupa majini, chubwiii! Akila, kwaru kwaru kwaru, na palipokuwa na majani pamebaki udongo.

Ng'ambo ya bwawa palikuwa na bustani ya maboga, ya Mzee Kobe na mkewe Bi Kobe. Maboga manene, ya manjano, yamelala chini hayana habari. Kiboko aliyatazama kila siku, mate yanamchuruzika. Asingeweza kuyagusa, maana sheria ya nchi ilisema bustani ya mtu ni ya mtu, na Kiboko aliiheshimu sheria kila mara watu walipokuwa wakimtazama.

Sasa, asubuhi moja Pimbi aliamka na haja. Akaenda ukingoni mwa mwamba, pale pale alipokuwa akisimama baba yake na babu yake, akamaliza shughuli yake. Matone yakaangukia bwawani. Ti, ti, ti.

"Nani ananikojolea?" Kiboko akaunguruma.

Sasa jamani, Kiboko mwenyewe haja zake huzifanyia wapi? Tusiseme, kuna watu hapa hawajamaliza kula. Lakini ndivyo ilivyo: mkubwa akichafua maji, watu husema mvua imenyesha huko juu. Mdogo akidondosha tone, ni kesi.

Ikawa kesi.

Baraza lilikaa kwenye uwanda wa mawe, mbali na mto, kwa sababu hakimu alikuwa Mheshimiwa Korongo, naye hakupenda matope yaguse miguu yake mirefu. Korongo akisimama kwa mguu mmoja, anafikiri. Akibadilisha mguu, amekata shauri, na shauri lililokatwa kwa mguu halirudi. Karani wake alikuwa Kasuku. Ukisema neno mbele ya Kasuku, limekwisha ingia kichwani mwake, na siku yoyote atalitoa vile vile ulivyolisema, pamoja na kikohozi chako.

Kiboko akasema yake. Korongo akasema, "Kesi itasikilizwa siku ya mwezi mwandamo. Mshtakiwa ana mdhamini? Kama hana, atangojea katika shimo la Muhanga."

Pimbi akahisi baridi kabla hata hajaingia. Shimo hilo, alilochimba Muhanga yule mla mchwa, lilikuwa refu, la maji maji, na jua halikuwahi kulichungulia. Kukaa humo mpaka mwezi uandame, yeye Pimbi? Hiyo si kungoja kesi. Hiyo ni hukumu, tena ya kifo.

Katika nchi ile, ukitaka mdhamini unatafuta kobe. Ndiyo ilikuwa desturi, na desturi ilikuwa na sababu yake. Mdhamini mzuri ni yule asiyekimbia na asiyekufa. Kukimbia, kobe hakimbii. Na kufa? Hakuna aliyewahi kumwona kobe akifa. Mababu waliwakuta kobe wale wale wakitafuna majani yale yale. Kwa hiyo baraza lilipanga sheria ya kila kitu, likasahau kupanga sheria ya mdhamini aliyekufa. Mtacheka, lakini ngojeni, kosa hilo litawatoa watu jasho.

Siku hiyo makobe wote waliokuwa barazani walimtazama Kiboko, wakarudisha vichwa ndani. Tup! Tup! Tup! Yakabaki magamba matupu, kama sufuria zilizofunikwa.

"Hakuna?" akauliza Korongo.

"Nakuja," ikasema sauti nyembamba kutoka mbali.

Alikuwa Mzee Kobe, bado yuko njiani. Baraza likamngoja. Mguu mmoja, mguu wa pili, apumzike. Mguu wa tatu, akohoe. Alipofika akainua kichwa, akaapa: "Mimi Kobe namdhamini Pimbi. Siku ya kesi asipoonekana, mimi na watu wangu tuhame mto huu, tusirudi."

Kasuku akalimeza neno. Korongo akabadilisha mguu. Pimbi akaachiwa.

Njiani Pimbi alitembea polepole ili asimwache mzee nyuma. Akamwuliza, "Babu, kwa nini? Mimi na wewe hatuna udugu. Hata chumvi hatujawahi kuombana."

Mzee Kobe akasema, "Macho yangu yamechoka, mjukuu wangu. Lakini kila asubuhi nainua kichwa, nakuona huko juu umefumba macho, nami najua kumekucha. Sasa wakikutia shimoni, mimi nitajuaje kumekucha?"

Pimbi machozi yakamtoka. Si ya kujificha, aliyalia pale pale njiani. "Ahsante, Babu. Siku ya kesi nitafika. Nikiwa sina miguu, nitafika kwa tumbo."

"Najua," akasema mzee. "Nisingejua, ningekuwa na kichwa changu ndani kama wenzangu."

Basi Pimbi akaendelea kuota jua lake, na kila alipoliota alishukuru.

Siku zikapita. Siku moja Bi Kobe aliandaa chakula, akaita, "Mume wangu, njoo ule!" Kimya. Akaita tena, "Mume wangu, chakula kinapoa!" Kimya. Akagonga gamba, ko ko ko. Gamba likaitika kwa namna ambayo hajawahi kuisikia. Bi Kobe akaketi chini katikati ya maboga, akajua.

Nchi nzima ilishtuka. Kobe amekufa! Kumbe wanakufa! Watu wakaja matangani, wengine kulia, wengine kuhakikisha. Pimbi alilia kuliko watoto wa marehemu. Aliwatekea maji waombolezaji, akawachotea tena, na bado akaona hajafanya kitu.

Na Kiboko naye akaja. Chubwiii, akatoka majini. Pwaaa, akapumua juu ya waombolezaji. "Poleni sana, poleni sana," akasema, macho yako kwenye maboga. "Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Mnahama lini?"

"Tunahama kwenda wapi?" akauliza Bi Kobe.

"Mnaniuliza mimi? Mumeo aliapa yeye na watu wake watahama. Yeye amekwisha tangulia. Nyinyi mnangoja nini?"

Watoto wa Kobe wakaangua kilio upya. Bi Kobe hakulia. Alimgeukia Pimbi, akamtazama tu. Mtazamo ule ulimwingia Pimbi mpaka mifupani. Kwa sababu yangu mimi, akawaza. Mzee aliniokoa na shimo, sasa wanawe watakosa pa kulala kwa sababu yangu mimi.

Kesho yake Kiboko akaenda barazani, na wengine wote nyuma yake.

"Mheshimiwa," akasema Kiboko, "mdhamini ameondoka nchini bila kuaga. Dhamana imeanguka. Watu wake wahame, na bustani yao nipewe mimi mlalamikaji, niliyechafuliwa maji."

Korongo akasimama kwa mguu mmoja. "Karani, jambo hili limewahi kutokea?"

"Halijawahi, Mheshimiwa," akasema Kasuku.

"Tafuta vizuri."

"Nimetafuta mpaka nyuma ya ulimi, Mheshimiwa. Halipo."

Korongo akafikiri. Akafikiri mpaka mguu ukaanza kutetemeka. Ndipo Bi Kobe akajikongoja mbele, akasema, "Mheshimiwa, mume wangu aliapa kwa mdomo wake. Mdomo wake tumeuzika. Pimbi hajakosa kufika, na siku yenyewe ya kesi bado. Sisi tunahamishwa kwa kosa lipi?"

Watu wakaguna, mmh. Maneno yalikuwa na uzito. Kiboko akaona bustani inamponyoka, akafungua mdomo mpaka koo likaonekana. "Dhamana haifi!" akanguruma. "Mtu anakufa, dhamana haifi!"

Uwanda ukatetemeka. Kila mtu akatazama chini. Hakimu mwenyewe akakaribia kuweka mguu wa pili chini, si kwa hukumu, kwa woga.

Pimbi akaona hapa nguvu haijibiwi kwa nguvu. Akaruka juu ya jiwe. "Mheshimiwa," akasema, "Bwana Kiboko amesema kweli tupu."

Bi Kobe akageuza kichwa. Pimbi hakuthubutu kumtazama.

"Dhamana haifi," Pimbi akaendelea. "Sasa kama haifi, iko wapi? Huu ni mzigo, na mzigo haukai hewani. Marehemu ameutua njiani, lazima atokee wa kujitwika. Mimi naona hivi: anayetaka bustani ya marehemu aubebe na mzigo wa marehemu. Tatizo ni moja tu." Akapunguza sauti. "Sijui kama Bwana Kiboko anauweza."

"Nani?" akasema Kiboko.

"Ni mzigo mzito, Bwana Kiboko. Bora umwachie mwenye mgongo mgumu."

"Unishinde mimi? Kitu alichobeba kobe?" Pwaaa! "Leteni hapa! Karani, nitajie kiapo!"

Kasuku akatoa kiapo kama alivyokimeza. Kiboko akafuata, pua yake imegeukia upande wa maboga, hana hata habari na kinachotoka mdomoni mwake: "Mimi Kiboko namdhamini Pimbi. Siku ya kesi asipoonekana, mimi na watu wangu tuhame mto huu, tusirudi."

"Mlalamikaji kumdhamini anayemlalamikia!" akasema Korongo. "Baraza hili halijawahi kuliona hilo. Lakini halijawahi kulikataza." Akabadilisha mguu, tap. "Mzigo kwanza, bustani baadaye. Mshtakiwa akifika na kesi ikaisha, bustani ni ya Kiboko. Asipofika, Kiboko atahama. Kwa sasa mjane akae pale alipo."

Watu wakatawanyika wanamsengenya Pimbi. Umeona mambo ya dunia? Juzi kamlilia marehemu, leo kamgawia Kiboko bustani yake! Hata wewe hapo unanikodolea macho. Tulia, ngano ni yangu.

Pimbi alimfuata Bi Kobe. "Bibi, nivumilie."

Bi Kobe akaendelea kutembea. "Nimetoka kuzika, mjukuu wangu," akasema. "Kilichobaki nyumbani ni uvumilivu na maboga. Maboga umekwisha yatoa."

Hilo lilimchoma. Lakini akameza.

Kulipokucha, Pimbi akapanda juu ya mwamba, akaota jua lake, kisha akaita, "Hodi huko majini! Bwana Mdhamini!"

Kiboko akatoa pua. "Unataka nini?"

"Sina neno kubwa. Nimeamka na njaa. Na mtu mwenye njaa huishiwa nguvu, na aliyeishiwa nguvu anaweza kushindwa kufika barazani. Nikishindwa kufika barazani…"

Kiboko akamalizia mwenyewe, polepole, "…nitahama."

"Umesema wewe, Bwana Mdhamini."

Sasa ndipo Kiboko alipoanza kuuhisi mzigo mabegani. "Unakula nini?" akauliza.

"Majani ya mkunazi. Yale teketeke ya katikati."

Mnaujua mkunazi? Ni miiba mitupu. Kiboko akaingiza mdomo, chwa! Akautoa, akauingiza tena, chwa! Akarudi na majani mdomoni, midomo imevimba. Pimbi akala, akashukuru. Alikuwa na adabu, Pimbi, hakuwahi kula bila kushukuru.

Siku nyingine: "Hodi huko majini! Bwana Mdhamini!"

"Nini tena?"

"Sina neno kubwa. Nimeona unyayo wa Chui. Chui akinila, ninaweza kushindwa kufika barazani. Nikishindwa kufika barazani…"

"…nitahama."

"Umesema wewe, Bwana Mdhamini."

Kiboko akapanda kwenye mawe makavu, akasimama mlinzi kwenye jua kali. Kiboko na jua ni maadui. Ngozi ikaanza kukakamaa, ka ka ka, jasho jekundu likamtoka. Pimbi kalala chini ya kivuli cha tumbo lake, anakoroma.

Siku nyingine: "Hodi huko majini! Bwana Mdhamini!"

"Useme!"

"Sina neno kubwa. Njia ya barazani nimeisahau kidogo. Tungeipitia, wewe chini, mimi juu."

Kiboko akambeba mgongoni, wakaenda mpaka uwanda wa mawe, wakarudi, na njia nzima Pimbi anaimba:

*Mdhamini, mdhamini,*
*nibebe nisianguke.*
*Nikianguka natoweka,*
*nikitoweka utahama.*
*Mdhamini, mdhamini,*
*polepole kwenye kona!*

Nyani wakaangua kicheko mpaka wakaanguka mitini, pu! pu! Hata makobe wakatoa vichwa.

Halafu siku nyingine tena: "Hodi huko majini! Bwana Mdhamini!"

Kiboko hakuuliza nini. Alitoka tu.

"Sina neno kubwa. Nikitazama bustani ya marehemu naona magugu, na maboga yana kiu. Naingiwa na huzuni. Mtu mwenye huzuni husahau siku, na akisahau siku…"

"Si bustani yangu hii, nitakayopewa?" akasema Kiboko akijipa moyo. "Nitaipalilia!"

Akaipalilia kwa meno, ng'wa ng'wa ng'wa, na maji akayachota kwa mdomo ule mkubwa, akayamwaga shinani, shwaaa. Boga hakuonja hata moja, maana bustani baadaye, na nchi nzima ilikuwa ukingoni ikitazama. Bi Kobe akasimama mlangoni pake, watoto nyuma yake. Akamtazama Kiboko anavyohema. Akainua macho, akamtazama Pimbi juu ya mwamba. Polepole, kama makobe wanavyofanya kila kitu, akaelewa. Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile alipogonga gamba likaitika vingine. Pimbi alikisikia kicheko kile, na shukrani zikamjaa kifuani.

Siku ya kesi ikafika. Kiboko kwa uchovu alilala majini mpaka jua likapanda. Akakurupuka, chubwiii, mbio mpaka mwambani. "Pimbi! Twende!"

Kimya.

"Pimbi! Nimekuletea majani ya mkunazi!"

Kimya. Mwamba mtupu. Akachungulia ufa huu, hayupo. Akachungulia ufa ule, hayupo. Akaingiza pua kwenye ufa wa tatu, pua ikanasa. Akavuta, akavuta, fyok! Ikatoka haina ngozi. Amekimbia, akawaza Kiboko. Amekula majani yangu, amelala kivulini pangu, amekimbia!

Akaenda barazani anatweta. Pwaa, pwaa, pwaa. Uwanda umejaa watu. Akatafuta kwa macho, Pimbi haonekani. Watu wake wote walikuwa wamemfuata nyuma, mke na watoto, na mdogo wao akauliza kwa sauti, "Baba, huko tunakohamia kuna maji?"

Kiboko akageuka, akatazama kule mtoni.

"Mdhamini Kiboko," akasema Korongo, mguu mmoja juu, "mshtakiwa wako yuko wapi?"

"Mheshimiwa!" akalia Kiboko. "Mimi si mdhamini! Mdhamini ni Kobe! Kobe aliapa kwa mdomo wake, na mdomo wake umezikwa! Mtu akifa, na dhamana yake imekufa!"

"Hapa barazani ulisema, 'Dhamana haifi,'" akasema Kasuku, kwa sauti ile ile ya Kiboko, hata mate yalimruka.

"Nilikosea! Inakufa! Inakufa kabisa!"

"Na bustani?" akauliza Korongo.

"Ya mjane! Ya mjane na watoto wake! Sikurithi kitu, Mheshimiwa, wala sitaki kurithi kitu. Nirudisheni kwenye maji yangu!"

Korongo akatazama juu. Akatazama chini. Akabadilisha mguu, tap, na uwanda wote ukalisikia jiwe. "Sikilizeni. Mdhamini akifa kabla mshtakiwa hajakosa kufika, dhamana yake imekufa naye. Mali yake ni ya watu wake, na mtu asimguse mjane. Mshtakiwa ndiye atakayetafuta mdhamini mwingine. Karani, meza hilo."

Kasuku akameza. Na hata leo, nasikia, hajalitema.

"Basi aitwe Pimbi," akasema Korongo. "Asipoitika, asakwe."

"Nipo, Mheshimiwa."

Akatokea nyuma ya gamba la Bi Kobe. Alikuwa amefika umande haujakauka, hakuna mtu hata mmoja aliyemtangulia.

Kiboko akakosa hata pumzi ya kupumua. "Wewe! Ulisema hutakuja!"

"Lini, Bwana Kiboko? Nilikwambia ninaweza kushindwa. Sikushindwa, kwa sababu umenitunza vizuri. Umenilisha, umenilinda, umenibeba. Ahsante sana." Akainama kwa heshima. "Ila kuja, nilimwahidi Babu. Wewe hukuwahi kuniuliza."

Watu wakacheka, hoi. Kiboko akasema kwa sauti ndogo, "Mheshimiwa, ngozi inaniwaka. Naomba kesi iahirishwe."

Korongo akaahirisha. Nanyi mnajua, baraza lisiloahirisha kesi si baraza, ni mkusanyiko tu. "Lakini mshtakiwa," akasema, "sheria ni ile niliyoikata sasa hivi. Huna mdhamini. Mtafute, au shimo la Muhanga."

Kicheko kikakatika. Pimbi akawageukia makobe. Tup! Tup! Tup! Zamani walimwogopa Kiboko. Sasa walimwogopa Kiboko, na kufa pia. Pimbi hakuwalaumu. Alimwokoa mjane, deni la moyo amelipa. Akajigeuza kuelekea shimoni, na lile baridi akalihisi tena miguuni.

"Nakuja," ikasema sauti nyembamba.

Alikuwa Bi Kobe. Mguu mmoja, mguu wa pili, apumzike.

"Bibi, usifanye hivyo," akasema Pimbi. "Umekwisha ona yaliyokupata kwa ajili yangu."

"Nimeyaona," akasema Bi Kobe. "Nimeona bustani yangu imepaliliwa. Wanangu wamelala kwao. Tena asubuhi zote hizi za eda, nisingekuwa na nguvu ya kuinua kichwa, isingekuwa nakuona wewe huko juu." Akamgeukia Korongo, akainua kichwa chake kidogo chenye mikunjo. "Mheshimiwa, mimi mjane wa Kobe namdhamini Pimbi. Wala simdhamini kwa sababu mume wangu alimdhamini. Ile ya kwake imekufa. Hii ni yangu."

Pimbi akaenda akaweka paji lake la uso juu ya gamba la Bi Kobe, akabaki hapo. Hakimu aliangalia pembeni, akajifanya anawinda nzi.

Kiboko hakurudi tena barazani, akikumbuka jua lile la mawe. Kila siku ya kesi akatuma udhuru: ngozi, goti, msiba wa shangazi. Kwa hiyo kesi haijasikilizwa mpaka leo. Ndiyo maana ukipita kwenye miamba asubuhi utawaona pimbi juu, wametulia na jua usoni. Wapo nje kwa dhamana.

Sasa funzo. Ngano bila funzo watu hudhani umepoteza muda wao.

Funzo lake ni hili: usimdhamini mtu, hata siku moja! Ona yaliyompata Mzee Kobe. Alimdhamini mtu baki, na faida yake nini? Alililiwa na mtu asiye ndugu yake. Bustani yake ilipaliliwa na adui yake, bure. Mkewe hakukosa wa kumtekea maji mpaka uzee ukamchukua. Sasa hayo ni maisha? Rudisha kichwa chako ndani, mwanangu, tup! Ukae humo salama, wala usimsumbue mtu akakushukuru.

Ngano imefika mlangoni, inavua viatu. Aliyeipenda aikaribishe ndani. Aliyeichukia aipishe, ina usingizi.

– Pita, ngano, pita!

Ahsanteni. Laleni salama.